Sifuri za Mbele

Mama mdogo hatoi toleo jipya la programu yake mpaka baba mdogo aseme ameelewa. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, anafunika laptopu, anachukua karatasi moja aliyoichapa, anavuka ua wa nyuma mpaka karakana ya mumewe, anasimama kando ya jiriwa, lile koleo kubwa la kubania vyuma, na kungoja cheche zizime. Baba mdogo ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kompyuta anaijua kwa sura tu, kama unavyomjua jirani wa mtaa wa pili. Anapandisha ngao ya uso juu ya paji, anakaa kwenye benchi lake la mbao lililojaa madoa ya kuungua, anapangusa mikono kwenye suruali na kusema, "Soma."

Naye anasoma yote yaliyobadilika katika toleo hilo. Akimaliza, baba mdogo anauliza swali moja, lile lile, mwaka wa tisa huu: "Hii ikitoka, kuna mtu kesho ataamka akute kitu chake kimegeuka, na hakuambiwa?"

Jibu likiwa hapana, anashusha ngao na kurudi kwenye geti lake. Likiwa "kidogo," mama mdogo anarudi ndani na karatasi yake, na siku hiyo hakitoki kitu.

Mara ya kwanza kuliona jambo hili nilicheka mpaka nikapaliwa. Mimi nimesomea kompyuta miaka minne, nina kazi, nina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni chenye picha mbaya. Nikamwambia, "Mama mdogo, yaani unamwomba ruhusa fundi wa mageti?"

"Ruhusa ya nini? Naazima masikio yake," akasema. "Yangu yameshazoea uongo wangu."

Programu yenyewe inaitwa Zamu. Inapanga foleni, basi. Unaingia mahali, unabonyeza kitufe, unapewa kikaratasi chenye namba, unakaa, namba yako inaitwa. Mama mdogo aliianza enzi alipokuwa fundi wa mashine za maabara, siku alipomwona mama mjamzito akisukumwa dirishani na watu waliokuja nyuma yake. Alirudi nyumbani na hasira (sisi kwetu hasira ni urithi, hatununui), akaandika Zamu kwa miezi mitatu, akaiweka wazi mtandaoni. Ni programu huria: yeyote aichukue, aifungue atazame ndani, airekebishe, aitumie, bila kumwomba mtu. Leo iko kwenye zahanati na benki na ofisi za vitambulisho, na iko kwa kinyozi mmoja wa nchi ya mbali ambaye kila mwaka humwandikia barua ya shukrani ndefu kuliko programu yenyewe. Ni wangapi wanaoitumia, hajui. Niliwahi kujaribu kuhesabu mimi, nikachoka.

Lakini kinachonifanya nimvulie kofia mama mdogo ni Tarishi.

Wanaoandika programu ni kama watu wengine wote, wanapenda kupika na hawapendi kuosha vyombo. Kuandika ni raha. Kutoa toleo ndiko kuosha vyombo: kuendesha majaribio yote, kuchagua namba, kueleza kilichobadilika, kutia sahihi kwa ufunguo ili watu wajue ni kazi yako na si ya tapeli, kisha kupeleka kifurushi ghalani, ambako kompyuta za watu huja kukichukua. Nimeona vijana wenye akili za ajabu wakivuruga kazi ya mwaka mzima kwa sababu Ijumaa jioni waliruka hatua moja. Mama mdogo alikaa chini akaunda chombo cha kuosha vyombo hivyo, akakiita Tarishi, nacho akakiweka wazi kwa kila mtu. Tarishi haruki hatua na hana haraka. Ukikosea, haangushi mistari hamsini ya maneno mekundu. Anaandika, "Samahani, bado," kisha anakueleza kilichobaki. Nilimuuliza mama mdogo samahani ni ya nini, akasema mtu aliyekosea tayari ana aibu ya kumtosha.

Tarishi anauliza maswali mawili ambayo mashine haiwezi kujijibu. La kwanza: badiliko hili ni la aina gani? Maana namba ya toleo ina sehemu tatu zilizotengwa kwa nukta. Ya mwisho ikipanda, tumeziba tundu tu, endelea na shughuli zako. Ya katikati ikipanda, kuna kitu kipya, ukikitaka kitumie. Ya kwanza ikipanda, kaa chini usome, kuna kitu chako kitageuka. Kwa hiyo watu wengi wameziagiza kompyuta zao hivi: ya mwisho ikipanda, chukua wewe mwenyewe alfajiri, usiniamshe. Wamelala, sisi tunaingia nyumbani kwao na kubadilisha vitu. Ile namba ya mwisho ndiyo ahadi tuliyowapa, na sijui kama kuna ahadi nyingi duniani zinazoaminiwa na watu wengi hivyo wasiofahamiana.

Swali la pili linakuja mwishoni kabisa, kabla ya sahihi: "Umemsomea mtu?"

Na kuna sheria moja ambayo mama mdogo haijadili. Namba ikishatoka, imetoka. Ukigundua umekosea, huchukui kifurushi kingine ukakivika namba ile ile kimyakimya. Unaiacha ile ya zamani palepale ghalani, unaibandika neno "Usitumie," unatoa nyingine yenye namba inayofuata. "Maji yakimwagika hayazoleki," husema. "Weka alama sakafuni watu wasiteleze, uende kuchota mengine." Tarishi hukataa namba iliyotumika, ila mwenye ufunguo anaweza kumshurutisha kwa neno moja: lazimisha. Mama mdogo aliliweka kwa ajili ya siku ya moto. Hajawahi kuliandika.

Mwaka huu jicho lake la kulia lilifanyiwa upasuaji. La kushoto halijawahi kuwa na maana tangu utotoni. Daktari akamfunika lile la kulia kwa kikombe cha plastiki, akamkataza skrini wiki tatu nzima. Jioni ile aliniita, akavua shingoni flashi ndogo ya chuma yenye uzi wa bluu. Ufunguo umo humo.

"Kiberiti," akasema. Ndilo jina langu kwa ndugu, na wanaonijua hawaulizi kwa nini. "Wiki tatu ukae nao. Jicho moja si la kutegemewa na watu wote hawa. Nikiona umezimaliza vizuri, tutazungumza habari ya kuwa wawili."

Nilitaka kuruka juu. Nimemtumia marekebisho miaka minne, jina langu limo kwenye orodha za shukrani mara sitini na moja, na ndiyo, nimehesabu. Kazini walinipandisha cheo mwaka jana nikala keki nikasahau. Ufunguo huu niliuota. Kushika Zamu pamoja na mama mdogo, jina langu chini ya sahihi, hilo ndilo nililolitaka kuliko kitu chochote.

Jumatano ya kwanza nilikwenda karakana na karatasi yangu. Nikasoma. Baba mdogo akasema, "Sijaelewa." Nikasoma tena. "Sijaelewa." Mara nne. Mara ya nne damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Baba mdogo, neno gani hulijui?"

"Maneno nayajua yote. Sijui nani kafanya nini."

Nikaandika upya palepale, juu ya ndoo, kwa kalamu yake ya kuwekea alama vyuma. Mara ya tano alielewa, 4.2.6 ikatoka salama, nami nikarudi nyumbani nimenuna.

Jumatano ya pili ya kutoa iliangukia siku ambayo mama mdogo alitakiwa kliniki ya macho kufunuliwa jicho, na mimi ndiye wa kumsindikiza. Kwa hiyo nikaamua kutoa Jumanne. Hapo bado sikuwa na kosa. Kulikuwa na ombi kutoka kwa karani wa ofisi moja ya wastaafu, mbali huko, aliyeandika hivi: Zamu inachapa 001, 002, 003, na wazee wangu wananiuliza kwa nini wanaanza na sifuri kama waliofeli mtihani. Nilicheka. Nikaondoa zile sifuri za mbele kwa mistari miwili ya msimbo wa programu. Majaribio mawili ya zamani, yale ambayo kompyuta hujiendeshea yenyewe, yakagoma, yakisema yanatarajia sifuri. Nikaona yamepitwa na wakati, nikayabadilisha yakubaliane nami. Kisha nikajaribu kwa wateja wa kubuni tisa. Moja mpaka tisa, namba safi, ubao wa namba unapendeza.

Tarishi akauliza aina ya badiliko. Nikaandika: dogo.

Akauliza: "Umemsomea mtu?"

Kupitia dirisha la sebule ya mama mdogo nilisikia chuma kikisagwa kule karakana. Baba mdogo alikuwepo, hatua thelathini kutoka nilipokaa. Nikamwona akilini, ngao juu ya paji, nikamsikia akisema sijaelewa mara nne kwa mistari miwili ya msimbo, nikaona huu ni upuuzi. Nikaandika: ndiyo.

Tarishi akaandika, "Asante." Toleo 4.2.7 likaenda zake.

Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa kliniki. Chumba kirefu chenye viti vya plastiki vilivyofungwa safu safu kwa bomba la chuma, ukuta una picha kubwa ya jicho lililokatwa katikati, watu wengi wamefunikwa jicho moja wakitazama mlango kwa lililobaki. Tuliwahi. Nikabonyeza kitufe, kikatoka kikaratasi, nikaona kimeandikwa 2. Si 002. Kumbe wanatumia Zamu! Na kompyuta yao imechukua toleo langu alfajiri! Nikavimba kichwa kama mkate uliokolea hamira. Kazi yangu ya jana, iko mkononi mwa mama mdogo.

"Ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Vizuri. Tutatoka mapema."

Saa mbili watu walikuwa zaidi ya thelathini, na foleni ikaanza. Sauti iliyorekodiwa ikaita namba moja, akaingia bwana mmoja. Nikamshika mama mdogo mkono tayari kusimama.

"Namba kumi," sauti ikasema. "Dirisha la pili."

Dada mmoja mwenye koti la kijivu akainuka, akatazama kikaratasi chake mara mbili, akaenda. Nikakaa. Nikajiambia huenda ana miadi maalumu. Ikaja namba kumi na moja. Ikaja kumi na mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kompyuta ilikuwa inazipanga namba zetu kama maneno ya kamusi, zote zinazoanza na moja kwanza. Moja, kumi, kumi na moja, mpaka kumi na tisa, ndipo mbili. Zile sifuri za mbele ndizo zilizokuwa zikiziweka sawa miaka yote hiyo. Mama mdogo hakuziweka kwa urembo. Nami nilijaribu kwa watu tisa, na kwa watu tisa kosa hili halionekani hata ukaribie na kurunzi.

Nikawaza zahanati zote. Nikawaza benki. Nikawaza wazee wa yule karani.

"Nakuja, mama mdogo. Napiga simu."

"Haya," akasema, amegeuza uso kuelekea kule sauti inakotoka.

Nikakaa kwenye ngazi za nje ya mlango na laptopu mapajani. Kurudisha sifuri ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nikaifanya. Tarishi akaniambia kwa adabu kwamba 4.2.7 imeshatoka, samahani, chagua inayofuata. Nami nikamkumbuka mama mdogo na jicho lake, haoni skrini, hatasoma chochote leo. Nikawaza: nikibadilisha kifurushi chini ya namba ile ile, kompyuta za watu zitachukua kilicho sawa, na ifikapo mchana hakuna atakayejua kilichotokea. Wataona ni kompyuta tu, kompyuta zina mambo yake. Ufunguo utabaki wangu. Nikaandika: lazimisha. Kidole kikabaki hewani juu ya kitufe.

Ndani zogo likalipuka.

Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona dada wa koti la kijivu akitoka kwa daktari, dawa yake mkononi, na mzee mwenye namba tatu amemzibia njia kwa fimbo. "Umempa nini karani?" mzee alikuwa anafoka. "Mimi nimefika kabla yako, nimekuona unaingia!" Mama mwingine akadakia: "Watu wa namna hii ndio wanaoharibu nchi." Dada anaonyesha kikaratasi chake kwa kila mtu, anasema nimeitwa, jamani, nimeitwa tu, na hakuna aliyekitazama. Karani wa dirishani anaapa hajapokea kitu. Dada akaanza kulia, jicho limetoka kutiwa dawa, anajipangusa kwa mkono wa koti.

Niliona wazi kabisa. Nikibonyeza, foleni itanyooka, lakini yule dada atarudi nyumbani akiwa mwizi. Hakuna toleo litakalomsafisha. Zamu iliandikwa ili mtu asisukumwe kwenye foleni, nami nimeifanya isukume.

Nikalifuta lile neno, herufi moja moja, nikaingia ndani.

"Jamani," nikasema. Hakuna aliyenisikia, nikapanda juu ya kiti. Sauti ninayo, hilo halina ubishi. "Jamani! Huyu dada hana kosa. Karani hana kosa. Programu inayowaita niliiharibu mimi, jana, kwa haraka zangu. Inaita kumi kabla ya mbili. Mwenye kosa ni mimi."

Wakanigeukia wote, jicho moja moja. Nilitamani sakafu inimeze na kiti changu.

Mzee akateremsha fimbo. "Wewe ndiye unayeita namba?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unanijua mimi?"

"Hapana, mzee."

"Sasa nimekukosea nini?"

Nikashuka nikamwendea dada wa namba kumi, nikamwomba radhi mbele yao. Mzee naye akamwambia, "Nisamehe, binti yangu," akampisha kwenye kiti chake. Karani akazima mashine, akaanza kuita kwa mdomo akianzia waliorukwa.

Nikarudi kwa mama mdogo. Hakuwa ameinuka.

"Nilijua ilipoitwa kumi na moja," akasema taratibu. "Nikapapasa kikaratasi, nikahisi wino ni mfupi. Nikasema, sifuri zangu zimekwenda wapi? Ukasema unapiga simu. Nikakaa nasubiri nione utarudi na nini."

"Niliandika lazimisha," nikamwambia. Sikuwa nimepanga kumwambia. "Sikubonyeza. Lakini niliandika."

"Mficha uchi hazai," akasema. "Fungua hiyo laptopu. Watu wanasubiri."

Nikaibandika 4.2.7 alama ya "Usitumie." Nikaandika maelezo ya 4.2.8, nikampigia baba mdogo. Nilisikia grenda ikizimwa, kisha benchi likilia alipokaa.

"Soma."

"Toleo 4.2.8. Katika toleo lililopita kulitokea hitilafu katika upangaji wa namba..."

"Sijaelewa."

"Hitilafu ilijitokeza kwenye..."

"Ilijitokeza yenyewe? Kama mvua?"

Mama mdogo kando yangu ametazama mbele, mikono magotini. Nikaandika upya, nikasoma kwa sauti, na watu wa viti vya karibu wakatega masikio bila kujificha.

"Jana nilitoa 4.2.7, nikasema ni badiliko dogo. Halikuwa dogo. Niliondoa sifuri za mbele, na kwa sababu hiyo kuanzia mtu wa kumi foleni inaruka watu. Majaribio yaliponionya niliyabadilisha majaribio. Nilijaribu kwa watu tisa tu. Tarishi aliniuliza kama nimemsomea mtu, nikasema ndiyo, na haikuwa kweli. Msitumie 4.2.7. Toleo hili linarudisha sifuri mahali pake, na halibadilishi kitu kingine."

"Hii ikitoka," baba mdogo akasema, "kuna mtu kesho ataamka akute kitu chake kimegeuka, na hakuambiwa?"

"Hapana, baba."

"Nimeelewa." Kisha akaongeza, bila ukali wowote, "Jana nilikuwa hapa kutwa," akakata simu.

"Weka shukrani," mama mdogo akasema. Kila toleo huisha kwa orodha ya waliosaidia, hajawahi kuiruka. "Andika: shukrani kwa mgonjwa namba mbili, aliyegundua tatizo kwa masikio."

Nikaandika. Chini yake nikaongeza mwenyewe: mwenye namba kumi, tunakuomba radhi. Tarishi akauliza, umemsomea mtu? Nikaangalia chumba kizima, nikaandika ndiyo.

Karani alipoita "Namba mbili!" watu wachache walipiga makofi, na mama mdogo akainua mkono kama mgombea. Daktari akatoa kile kikombe cha plastiki, akamwambia asome herufi za ukutani. Alizisoma zote mpaka mstari wa tatu kutoka chini, akageuka akanitazama.

"Umekonda," akasema.

Kwenye korido nilivua flashi shingoni nikampa. Wiki tatu zilikuwa zimeisha, ndivyo tulivyokubaliana. Nilisubiri aseme neno kuhusu kuwa wawili. Aliitia kwenye mkoba, akafunga zipu, akauliza kama kuna mahali pa kupata chai. Nilikunywa chai ile bila kuisikia ladha. Nilijua nimeupoteza ufunguo, nilijua ni haki, na haki ilinichoma vilevile.

Barua zilikuja siku zilizofuata. Wengine walinisema, na walikuwa na sababu. Wengi waliandika tu: asante kwa kutuambia, tumebadilisha. Kinyozi wa mbali aliandika kurasa mbili kueleza kwamba yeye hajawahi kufikisha wateja kumi kwa siku, na kwamba namba bila sifuri alizipenda sana. Nikamkumbuka na yule karani wa wastaafu. Nikakaa nikaifanya kazi ile upya, safari hii kwa ustaarabu: anayetaka kuondoa sifuri anachagua mwenyewe, asiyetaka hakiguswi chake, na kupanga foleni kunafuata hesabu, hakufuati kamusi. Yale majaribio mawili niliyarudisha kama yalivyokuwa. Nikaongeza jingine, la watu mia moja na ishirini. Nikaituma kwa mama mdogo kama anavyotuma mgeni yeyote, nikisubiri zamu yangu.

"Nimeipokea," akajibu. Neno hilo tu.

Jumanne jioni ukaja ujumbe mwingine: "Kesho saa nne. Njoo na karatasi."

Nilifika saa nne kasorobo. Karakana ilikuwa kimya, geti la shule limeegemezwa ukutani, nusu limepakwa rangi. Baba mdogo alikuwa kwenye benchi lake, ngao juu ya paji. Na kando yake, ubavu kwa ubavu juu ya yale madoa ya kuungua, alikaa mama mdogo na miwani mipya, flashi yake ya uzi wa bluu shingoni. Miaka tisa yote sijapata kumwona amekaa pale. Mahali pake pa kusimama, kando ya jiriwa, palikuwa wazi.

Kwenye meno ya jiriwa ilining'inia flashi nyingine. Uzi wake ulikuwa mweupe, bado haujashika hata vumbi.

Niliitazama, nikawatazama, macho yakajaa maji. Mimi, Kiberiti, nimesimama katikati ya vyuma nalia. Mama mdogo alijifanya anapangusa miwani.

"Soma," akasema baba mdogo.

Nikaivaa ile flashi, nikafunua karatasi, nikaanza. Toleo 4.3.0. Nilipofika mstari wa pili, baba mdogo aliinua mkono.

"Sijaelewa."

"Hata mimi," akasema mama mdogo.

Nikarudi mwanzo, nikawasomea polepole.